Angalia k imekaa wapi kabla ya kukokotoa msuguano wa kebo

Wahandisi wenzangu wa Nairobi, ambao mezani mwenu kanuni za Uingereza, za Ulaya na za Marekani hukaa pamoja, nawasihi mwangalie k (kipimo cha kuyumba kwa kebo kusikokusudiwa, kwa kila mita) imekaa wapi kwenye fomula kabla ya kukokotoa nguvu inayopotea kwa msuguano katika kebo za zege lililokazwa awali. Katika Eurocode 2, kanuni ya Ulaya, nguvu inayobaki ni P·e^(−μ(θ + kx)), yaani k huzidishwa na μ; P ni nguvu kwenye jeki inayovuta kebo, μ ni kigawo cha msuguano, θ ni jumla ya mageuko ya pembe ya kebo, na x ni umbali kutoka kwenye jeki. Katika BS 8110 ya Uingereza na matoleo ya zamani ya ACI 318 ya Marekani, k hujitegemea bila kuzidishwa na μ, na thamani yake ni ndogo zaidi.

Chukua boriti ya mita 30 yenye kebo ya parabola iliyoshuka mita 0.6 katikati: jumla ya mageuko ya pembe ni 8 × 0.6 ÷ 30, sawa na radiani 0.16. Kwa μ ya 0.19 na k ya 0.01 kwa mita, upotevu kwenye ncha iliyo mbali na jeki ni takriban asilimia 8.4; lakini ukiitoa k hiyohiyo nje ya mabano, utapata asilimia 28 na kuongeza kebo zisizohitajika. Kosa la kinyume, yaani kuiweka k ndogo ya BS 8110 au ACI 318 ndani ya mabano ya Eurocode 2, ni baya zaidi, kwa kuwa boriti hubaki na nguvu pungufu kuliko hesabu inavyodai.