Torenti kwenye Raspberry Pi nyumbani: panga ukijua stima itapotea

Torenti ni njia ya kupakua faili vipande vipande kutoka kwa watumiaji wengine huku nawe ukiwagawia. Maelekezo mengi ya kuweka Transmission, programu ya torenti, kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani kama Raspberry Pi yameandikwa na watu ambao kwao stima haipotei. Ukiyafuata, kila kitu kitaenda sawa hadi usiku ule mtaa mzima uingie giza. Stima ikirudi utakuta diski haionekani, kadi ya kumbukumbu imejaa pomoni, na ukurasa wa Transmission umejaa maandishi mekundu. Kwa hiyo kusakinisha nitakupitisha mbio, maana ni kazi ya dakika chache, halafu nikae pale panapofanya mashine iamke yenyewe bila kukusumbua.

Ninatengeneza laptopu karibu na Luthuli Avenue, Nairobi, na wateja wengi wenye mashine kuukuu huishia kuwekewa Linux. Faili za ISO, yaani zile za kusakinishia, za Debian na Ubuntu ambazo ni aina za Linux, ni nzito, kwa hiyo nyumbani kwangu Umoja huziacha zishuke usiku, asubuhi nakwenda nazo kazini kwenye flashi. Pia huweka Wikipedia ya Kiswahili ya Kiwix, inayosomeka bila intaneti, kwa walimu ambao shule zao hazina intaneti. Hivi vyote wenyewe wanavitoa kwa torenti, bure na kwa hiari. Filamu na muziki wa watu sivigusi. Sheria ya hakimiliki haijali kama faili ilikujia nzima au vipande vipande.

Vifaa ni Raspberry Pi 4, kadi ya kumbukumbu yenye Raspberry Pi OS, diski ya USB, na kebo ya mtandao hadi kwenye ruta. WiFi iachie simu. Diski ndogo ya inchi 2.5 hunywa umeme kutoka kwenye Pi yenyewe, na Pi 4 ina ampea 1.2 tu za kugawia matundu yake yote manne ya USB, kwa hiyo chomeka diski moja, ya pili usithubutu. Ile kubwa ya inchi 3.5 lazima iwe na adapta yake. Chaja ya Pi iwe ya volti 5 na ampea 3, tena ya kweli, si ile iliyoandikwa 3A kwa herufi nene na ndani hamna kitu. Mwenye kuhofia tokeni: Pi na diski ndogo ni kama wati 10, yaani yuniti 7 hivi kwa mwezi mzima bila kuzima.

Ndani ya ruta, tafuta mahali pa kuifungia Pi anwani moja isiyobadilika. Mfano wangu utakuwa 192.168.1.50. Kisha andika amri hizi kwenye terminali ya Pi:

sudo apt update
sudo apt install transmission-daemon

Diski iwe na mfumo wa ext4. FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, na NTFS itakuletea kesi za ruhusa kila siku. Kuifomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo kwanza hamisha picha za harusi.

Hapa ndipo pa kukaa. Tafuta utambulisho wa diski kwa amri ya sudo blkid, unakili ile UUID ndefu. Usitumie jina kama /dev/sda1, kwa sababu majina hayo hugawiwa upya mashine inapowaka, na diski iliyokuwa sda inaweza kuamka ikiwa sdb. Tengeneza folda, kisha fungua faili ya fstab, yenye orodha ya diski za kuunganishwa mashine inapowaka:

sudo mkdir /mnt/diski
sudo nano /etc/fstab

Ongeza mstari huu mmoja:

UUID=weka-yako-hapa /mnt/diski ext4 defaults,noatime,nofail 0 2

Neno nofail ndilo linaloruhusu Pi kuwaka hata diski ikikosekana. Bila hilo, diski ikichelewa kuamka baada ya stima kurudi, Pi husimama katika hali ya dharura ikikungoja uje na skrini na kibodi, nawe uko kwenye matatu Jogoo Road.

Lakini nofail inaleta tatizo lake. Pi ikiwaka bila diski, /mnt/diski inabaki kuwa folda tupu iliyo ndani ya kadi ya kumbukumbu. Transmission haijui tofauti. Itaangalia, ione faili za zamani hazipo, ilalamike, na torenti mpya utakayoiongeza itaandikwa kwenye kadi hadi kadi ijae. Dawa yake ni kuiambia isiwake kabisa kama diski haijaunganishwa:

sudo systemctl edit transmission-daemon

Andika mistari hii miwili, uhifadhi:

[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/diski

Ajabu ni kwamba maelekezo mengi huiacha hatua hii, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Sasa unganisha diski na uipe Transmission folda yake:

sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
sudo mkdir /mnt/diski/torenti
sudo chown debian-transmission:debian-transmission /mnt/diski/torenti

Mipangilio iko katika /etc/transmission-daemon/settings.json. Zima programu kwanza, ndipo uhariri. Ukihariri ikiwa inaendelea, itakapozimwa itaandika mipangilio yake ya zamani juu ya yako, na utaapa kuna mtu anakuchezea.

sudo systemctl stop transmission-daemon
sudo nano /etc/transmission-daemon/settings.json

Tafuta mistari hii uibadilishe:

"download-dir": "/mnt/diski/torenti",
"rpc-username": "jina-lako",
"rpc-password": "nywila-yako",
"rpc-whitelist": "127.0.0.1,192.168.1.*",

Nywila unaiandika wazi. Programu ikiwaka inaibadilisha kuwa msururu wa herufi unaoanza na mabano, kwa hiyo usishtuke ukiikuta hivyo. Ule mstari wa mwisho unaruhusu vifaa vya ndani ya nyumba tu. Kama ruta yako inagawa anwani za 192.168.0 au 192.168.100, badilisha ifanane nazo, la sivyo ukurasa utakukatalia hata nywila ikiwa sahihi.

Sasa mwendo, na hapa ndipo ndoa zinapojaribiwa. Kifurushi cha megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, na Transmission huhesabu kwa kilobaiti. Kinachoua intaneti ya nyumba mara nyingi ni kupakia kuliko kupakua. Ukiiachia ipakie bila kikomo, baba watoto akiwa kwenye mkutano wa video sura yake inaganda mdomo wazi. Mimi mchana hubana, usiku nikalegeza:

"speed-limit-down": 1000,
"speed-limit-down-enabled": true,
"speed-limit-up": 300,
"speed-limit-up-enabled": true,
"alt-speed-down": 200,
"alt-speed-up": 30,
"alt-speed-time-enabled": true,
"alt-speed-time-begin": 360,
"alt-speed-time-end": 1380,
"alt-speed-time-day": 127,

Zile 360 na 1380 ni dakika tangu saa sita usiku, yaani kubana kunaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa tano usiku. Namba 127 ni siku zote za wiki. Ili saa hizo ziwe za hapa kwetu, piga sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi. Ujue pia kwamba Pi 4 haina betri ya saa. Baada ya giza huendelea na saa ya zamani mpaka intaneti irudi, kwa hiyo ukiona imebana saa saba usiku, angalia kwanza kama ruta imeshapata mtandao.

Washa tena kwa sudo systemctl start transmission-daemon, kisha kwenye simu au laptopu fungua http://192.168.1.50:9091. Poti, yaani mlango wa mtandao, 9091 ni ya kuiongoza tu, usiifungulie dunia. Ya kubadilishana vipande ni 51413, na wengi tulio kwenye mitandao ya ploti hatuwezi kuifungua. Angalia anwani ya nje ya ruta yako: ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja na majirani na hakuna wa nje atakayekufikia kwanza. Wewe bado unaweza kuwafikia wengine, na torenti yenye watu wengi kama ya Debian itashuka bila shida. Kuhangaika na mipangilio ya ruta katika hali hiyo ni kujichosha bure.

Kukatika katikati ya faili kusikutishe. Torenti imegawanywa vipande, kila kimoja kina alama yake ya kukihakiki, na kilichoharibika huombwa upya peke yake. Ukiwa na wasiwasi, chagua torenti kwenye ukurasa uiamuru ihakiki data iliyopo. Diski ndiyo ya kuhurumia. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inayobeba Pi na ruta inatosha kwa zile stima za kuzimika na kuwaka, ambazo ni mbaya kuliko giza la muda wa saa tatu. Ekstensheni ya sebuleni ni kama matatu ya jioni, kila mtu ameingia, basi Pi itafutie soketi yake ukutani.

Kabla ya kuiamini, ijaribu. Zima Pi kwa sudo poweroff, chomoa diski, iwashe bila diski, subiri dakika mbili, kisha:

systemctl status transmission-daemon

Inatakiwa iwe haijawaka, ikitaja kwamba kitu inachokitegemea kimeshindwa. Ikisema active, rudi kwenye ile mistari miwili, huenda hukuihifadhi. Ikikataa kuwaka, umefaulu: zima, rudisha diski, washa, na torenti zitaendelea pale zilipoachia.