Kusoma shahada ya elimu ya afya kwa jamii: anza kwa kuuliza maji yanatoka wapi

Mdogo wangu kachaguliwa chuo mwaka huu. Alinipigia simu akaniuliza, "Dada, hii kozi inasomwaje?" Nilimjibu mpaka salio likakatika, na bado nilikuwa nimebakiwa na mengi. Haya hapa ni niliyomwambia, pamoja na yale ambayo salio halikuyafikia. Nayaandika kwa ajili yake na kwa yeyote anayeanza mwaka wa kwanza.

Mimi niliingia chuo nikiwa na miaka 29, baada ya kufanya uuguzi kwa miaka minne kwenye zahanati ya kijijini. Kila masika nilipokea watoto wa kuhara. Nawapa ORS na zinki, mama anashukuru, na wiki tatu baadaye yuko kwenye benchi lilelile na mtoto yuleyule. Siku moja nilikaa na kitabu cha 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kile cha wagonjwa wa nje, nikahesabu majina yaliyojirudia. Karibu wote walitoka kitongoji kimoja. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake, ila kulikuwa na jambo huko kitongojini ambalo mimi, nikiwa nimekaa nyuma ya meza, sikuwa nalijua. Ndilo lililonipeleka chuo.

Kabla ya kujaza fomu

Watu wengi, hata ndani ya familia, watadhani unakwenda kuwa bwana afya. Bwana afya ni afisa afya mazingira: anakagua vyoo, migahawa, machinjio, na ana sheria mkononi. Wewe unasomea kitu kingine, yaani kuelewa kwa nini watu wanaishi kiafya namna wanavyoishi, na kupanga pamoja nao njia ya kubadilisha. Kwenye halmashauri kuna mratibu wa elimu ya afya kwa umma. Mtafute wa wilaya yenu, umwombe akueleze wiki yake ya kazi ilivyo. Nusu saa hiyo itakufaa kuliko vipeperushi vyote vya udahili.

Majina ya kozi hutofautiana kati ya chuo na chuo: elimu ya afya, uhamasishaji wa afya, afya ya jamii. Usichague kwa jina. Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, uone sifa za kujiunga, kisha tafuta orodha ya masomo ya miaka yote mitatu. Ukikosa epidemiolojia (somo la jinsi magonjwa yanavyosambaa kwenye jamii), takwimu, sayansi ya tabia, mawasiliano, upangaji wa miradi na mafunzo ya vitendo, jiulize mara mbili. Halafu ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome matangazo ya kada za afya, uone shahada zinazotajwa zimeandikwaje. Nina mwenzangu aliyefanya kazi hii ya kusoma matangazo baada ya kuhitimu. Aliumia, na ningependa wewe usiumie hivyo.

Elimu ni moja kati ya tano

Hapa nitakaa, maana ndipo penye roho ya kozi nzima.

Muhula wa kwanza utafundishwa Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lile la huduma ya afya ya msingi, na Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, ule wa uhamasishaji wa afya. Wanafunzi wengi wanakariri miaka na kusonga mbele. Usifanye hivyo na Ottawa. Ule mkataba unataja maeneo matano ya kufanyia kazi: kutunga sera zinazojenga afya, kuweka mazingira yanayomwezesha mtu, kuimarisha nguvu ya jamii yenyewe, kukuza ujuzi wa mtu binafsi, na kuelekeza huduma za afya kwenye kinga badala ya tiba peke yake. Sasa hesabu. Kumfundisha mtu kunaingia kwenye eneo moja tu. Mengine manne ni sheria, maji, barabara, vikao, bajeti. Ukilishika hili mapema hutapoteza miaka yako kuwahutubia watu.

Mimi nililishika kwa uchungu. Mwaka wa pili nilikwenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo, wilaya ya Chamwino, Dodoma, mwezi wa nane, kiangazi kikali. Kazi yetu ilikuwa kuzuia trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Ugonjwa huu unasambazwa na mikono, nguo za kufutia uso na nzi wanaofuata tongotongo na makamasi ya watoto. Ukirudiarudia kwa miaka, kope hujikunja kwa ndani, zinakwaruza jicho, na mwisho mtu anapofuka. Kunawisha watoto uso ni sehemu kubwa ya kinga. Mimi niliandaa somo zuri, lenye picha, nikalitoa chini ya mbuyu kwa karibu saa nzima: vimelea, nzi, uso safi. Nilipomaliza, mama mmoja wa makamo aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hayo maji nitayatoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliomba niende naye asubuhi iliyofuata. Tulitoka kukiwa bado na giza, tukafika kwenye korongo kavu ambako wanawake huchimba mchanga mpaka maji yachuruzike. Wanayateka kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe. Dumu la lita 20 lilijaa jua likiwa limeshapanda. Njiani kurudi alinipangia matumizi yake: kupikia, kunywa, ndama aliyefungwa nyumbani, na maji ya kuoga ya baba mwenye nyumba. Uso wa mtoto haukuwa kwenye orodha. Yeye aliamini, na si yeye peke yake, kwamba kumnawisha mtoto kunahitaji beseni zima.

Basi jioni tulipima lita moja ya maji mbele ya watu wote, baba zao wakiwemo. Tukanawisha watoto kwa kumimina kidogokidogo kiganjani. Watoto 12 walinawa na maji yakabaki. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli, na mzungumzaji hakuwa mimi. Wanaume walibishana kuhusu ndama. Kuna aliyekumbuka kibuyu chirizi walichowahi kufundishwa shuleni, dumu dogo linaloning'inizwa na kuvutwa kwa kamba ya mguu. Mwenyekiti wa kitongoji akataja kisima kilichoharibika pampu. Ndani ya jioni ile tuligusa maeneo matatu ya Ottawa bila kulitaja jina lake.

Kwa hiyo kila ukifundishwa nadharia, ipeleke kwa yule mama. Modeli ya imani ya afya, kwa mfano. Ilizaliwa Marekani miaka ya 1950, wanasaikolojia wa idara ya afya ya umma walipojiuliza kwa nini watu hawaendi kupigwa eksirei ya kifua kikuu wakati ni bure na gari limewafuata walipo. Usiikariri kama vipengele vya mtihani. Iandike kama maswali yake: Hili jambo linanihusu mimi? Ni baya kiasi gani? Nikifanya unavyosema nitapata nini? Kitanizuia nini? Nani ataniamsha siku hiyo? Nitaweza? Mama wa Chamwino alikwama kwenye la nne, na mimi nilitumia saa nzima kujibu la kwanza na la pili.

Soma pia historia ya hapa kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kinasikiliza kipindi, kinajadili kijitabu, kisha kinaamua cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka, kufukia madimbwi. Waulize wazee utakaokutana nao fildi. Mmoja alinipeleka nyuma ya nyumba yake akanionyesha mahali choo cha kwanza cha ukoo wao kilipochimbwa mwaka ule. Alikumbuka hata nani alishika jembe.

Takwimu na epidemiolojia

Usiziogope, na usizisubirishe mpaka wiki ya mtihani. Hizi ndizo zinazowapa wengi supu, yaani mtihani wa kurudia, na ndizo zitakazokufanya usikilizwe kwenye kikao cha halmashauri.

Njia yangu ilikuwa kutafuta kitu ninachokijua. Nilipochanganyikiwa kati ya wagonjwa wapya na wagonjwa waliopo, nilichora simtanki. Maji yanayoingia juu ni wagonjwa wapya. Yaliyomo ni wote wanaougua leo. Yanayotoka chini ni waliopona au waliofariki. Sasa ukiambiwa idadi ya wanaoishi na VVU imepanda, hutakimbilia kusema maambukizi yameongezeka. Dawa za kufubaza virusi zimezuia watu kufa, yaani bomba la chini limebanwa, kwa hiyo kina kinaweza kupanda hata kama la juu nalo limepunguzwa. Mchoro huo ulinivusha mtihani na bado nautumia kazini.

Fanya hesabu kwa mkono kwanza, ndipo uende kwenye programu za kompyuta kama SPSS au Excel. Na jifunze KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu, mwaka wa kwanza, ni bure, unatengeneza dodoso kwenye simu mwenyewe.

Lugha mbili, daftari moja

Mihadhara ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, lakini kazi yako yote itafanyika kwa Kiswahili na lugha za nyumbani kwa watu. Hakuna atakayekujengea daraja hilo, lijenge mwenyewe. Nilikuwa na daftari lenye safu mbili: kushoto neno la mwalimu, kulia namna ningemwambia bibi yangu. Nikishindwa safu ya kulia, nilijua sijaelewa, hata kama ningeweza kuandika maana yake kwenye karatasi ya mtihani.

Kwenye diskasheni tulikuwa watano, kila mmoja anafundisha mada moja kwa Kiswahili kitupu, kisha tunajibu swali la mtihani uliopita kwa Kiingereza. Panga hivyo kuanzia wiki ya tatu ya muhula. Alama za kozi, yaani majaribio na kazi za vikundi, zichume mapema, maana ukiingia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ukiwa na chache utakuwa unasali zaidi ya kuandika. Kwa vyuo vyetu vingi daraja la pili la juu linaanzia GPA (wastani wa alama) ya 3.5 na la kwanza 4.4, na GPA ya mwaka wa kwanza inahesabiwa mpaka mwisho. Ikichafuka mapema, kuisafisha ni kazi ngumu.

Fildi

Barua ya chuo inaanzia kwa mkurugenzi wa halmashauri, inashuka kwa mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Toa nakala kumi. Usiruke ngazi hata moja. Mwenzetu mmoja aliruka, akakaa siku nne bila kuruhusiwa kuingia kaya yoyote.

Sehemu ya boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, itenge kwa ajili ya fildi tangu inapoingia. Nauli ya bodaboda kwenda vitongoji vya mbali ndiyo inayomaliza watu.

Jifunze salamu ya wenyeji kabla ya kufika. Nilipowaambia akina mama wa Kigogo "Mbukwenyi", nilisogezewa kigoda. Mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa pale, utembee naye. Anazijua kaya zote, anajua ni mlango gani hugongwi asubuhi, na amezoea kupuuzwa na wasomi. Mwite mwalimu wako, kwa sababu ndivyo alivyo.

Na usiamini dodoso peke yake. Niliuliza kaya moja baada ya nyingine kama wananawa mikono kwa sabuni wakitoka chooni. Karibu wote walisema ndiyo. Nilipoomba kuviona vyoo, vyenye sabuni vilihesabika kwa vidole. Hawakuwa waongo, walikuwa wanampa mgeni jibu la heshima. Tangu siku hiyo kila swali la tabia naliambatanisha na jambo la kuona kwa macho.

Utafiti wa mwaka wa tatu

Chagua swali dogo, mahali unapoweza kurudi mara mbili kwa nauli yako. "Afya ya uzazi Tanzania" si swali. "Kwa nini wajawazito wa kijiji fulani huanza kliniki baada ya mwezi wa tano" ni swali. Andika andiko mwishoni mwa mwaka wa pili, kwa sababu kibali cha maadili huchukua muda. Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili cha kusikika, uisome kwa sauti mbele ya mtu asiyesoma kozi yako. Mahojiano yanukuu kwanza kwa lugha iliyosemwa, ndipo utafsiri, la sivyo maneno ya watu yatageuka kuwa maneno yako.

Ukishautetea, rudi kijijini na ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye matokeo. Mimi nilirudi Chamwino na nakala tatu: ya mtendaji, ya zahanati, na ya kusomwa kwenye mkutano wa kijiji. Waliisikiliza, wakanisahihisha mahali pawili, kisha mwenyekiti akaomba suala la pampu liingizwe kwenye vipaumbele vya kijiji vya mwaka unaofuata. Yule mama alikuwa amekaa mbele. Alinyoosha mkono akataka iandikwe pia kwamba kisima kikitengenezwa, kamati yake iwe na wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaojua foleni inaanza saa ngapi.