Vile mnaweza kufanya maktaba, muzium na nyaraka za Kisumu zifundishe watu wazima pamoja

Watu wengi hapa Kisumu wakisikia maktaba wanafikiria watoto wa form four wakijiandaa na mtihani, wakisikia muzium wanakumbuka trip ya shule ya kuangalia nyoka, na nyaraka za serikali, yaani ofisi inayotunza faili za zamani, wengi hata hawajui kama ziko hapa tauni. Na hizo nyumba tatu zote zinalipiwa na kodi yetu! Zikishikana mkono, mama wa miaka hamsini anayeuza samaki anaweza kujifunza vitu ambavyo hakuna shule ilimfundisha, na bila kuvaa yunifomu. Si lazima mngojee mkubwa wa ofisi aamue. Chama ya akina mama, watu wa BMU (kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi), darasa la ngumbaru, kikundi cha vijana wa kanisa, yeyote anaeza anzisha hii kitu, na mimi nimeona inaenda vizuri zaidi ikianzishwa na hao.

Anzeni na swali. Msianze na warsha ya hotelini wala makaratasi ya makubaliano ya kurasa ishirini, anzeni na swali lenye watu tayari wanaulizana kwa matatu na kwa kiosk. Nitatumia hili moja kama mfano: mbona ziwa linapanda? Mwaka wa 2020 maji yaliingia kwa manyumba na mabanda huko Dunga na sehemu zingine za ufuo, na wazee wakasema hii si mara ya kwanza, ilishakuja wakati wa uhuru. Na wako sawa kabisa. Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa 1961, ziwa likapanda na kupanda mpaka Mei 1964 likaweka rekodi ambayo haikuguswa hadi Mei 2020. Swali kama hilo ni tamu juu vipande vya jibu lake vimetawanyika kwa nyumba zote tatu, hakuna moja inaeza jibu peke yake.

Muzium, ile iko barabara ya kwenda Nairobi, imekuwa wazi tangu 1980 na iko na tangi za samaki wa ziwa na lile boma la Kijaluo linaitwa Ber-gi-dala, nyumba za wake watatu na simba, yaani nyumba ya kijana mkubwa. Hapo ndio watu wanajifunza kwa macho: samaki gani walikuwa na nani alikuja baadaye (mbuta, yaani sangara, aliletwa ziwani miaka ya hamsini na kuendelea, na fulu, wale samaki wadogo wa ziwa, wengi wakaisha), boma lilijengwa wapi na kwa nini, maji yakija nani anahama kwanza. Ofisi ya nyaraka nayo ndio mahali pa kuulizia ripoti za DC (mkuu wa wilaya) na PC (mkuu wa mkoa) wa zamani, yaani mwaka kwa mwaka mtu wa serikali aliandika mvua ilinyesha aje, barabara gani ilikatika, watu wa wapi walihamishwa. Makao makuu ya nyaraka yako Nairobi, kwa hivyo ulizeni ya Kisumu kwanza, na mkiambiwa faili iko Nairobi mwombe namba yake ya kumbukumbu, zile za mkoa wa Nyanza zinaanza na PC/NZA. Kisheria faili nyingi zinafunguliwa zikishafika miaka 30, so za 1961 hadi 1964 hazina shida. Maktaba iko na vitabu, magazeti, meza, na mtu anayejua kutafuta. Zaidi ya yote, siku ya shughuli ikiisha maktaba inabaki wazi na mtu anaeza rudi peke yake kuuliza alichosahau. Kwa hiyo sababu mimi ningefanya maktaba iwe nyumbani kwa mpango wote.

Sasa kuna hii kitu watu hawaelewi: hizi ofisi ziko na wakubwa tofauti. Katiba ya 2010 iliweka maktaba na muzium kwa kazi za kaunti, lakini muzium ya Kisumu inaendeshwa na Makumbusho ya Taifa, na nyaraka ni idara ya serikali kuu. Barua moja iliyotumwa kila mahali haisaidii. Andikeni tatu, fupi, kila moja iseme mnataka nini hasa kutoka kwa huyo mtu, halafu mzipeleke kwa mkono na mkae mwongee. Ulizeni pia kiingilio cha kikundi kule muzium mapema, na nani atalipa kwa simu, juu siku hizi malipo mengi ya serikali yanapitia eCitizen, ule mtandao wa serikali, na mama wa sitini asisimamishwe getini.

Halafu wakutanisheni mkutubi, mtunza muzium na ofisa wa nyaraka kwa meza moja. Hapa ndio mipango mingi hufa, kila mtu anangoja mwingine aongoze. Andikeni nusu ukurasa tu: nani anaita watu, nani anatoa fotokopi na pesa zinatoka wapi, picha zitakazopatikana zitakaa kwa nani. Wote watatu waweke sahihi. Hiyo inatosha kuanza. Marekani mwaka wa 1996 walianzisha taasisi moja ya serikali ya kusaidia maktaba na muzium kwa pesa, sisi tutaanza na nusu ukurasa na chai.

Kutayarisha karatasi ndio kazi yenyewe, msiikimbie. Faili halisi haitoki kwa ofisi ya nyaraka, na mkiingia kusoma bebeni penseli, kalamu ya wino iacheni nje. Chagueni karatasi chache sana, mtoe nakala, na vipande muhimu mviandike upya kwa herufi kubwa, Kiswahili upande mmoja na Dholuo upande mwingine, juu kile Kizungu cha DC ni kigumu hata kwa mwalimu. Na tafadhali msisome hizo ripoti kama neno la Mungu. Aliyeandika alikuwa mtu wa serikali ya mkoloni, alihesabu ushuru na madaraja, hakuuliza mama aliyepoteza shamba. Kwa hivyo kando ya kila karatasi weka mzee ama nyanya aliyekuwepo aongee, na muwaache watu wapinge ripoti kama inafaa kupingwa. Kwangu hapo ndio masomo yanaanza kwa ukweli.

Saa pia ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Wavuvi wa omena (dagaa) wanatoka usiku na taa, asubuhi wanalala, lakini mwezi ukiwa mkubwa kazi inasimama, na hizo siku ndio utawapata. Jumapili wacheni, soko ya Kibuye inameza kila mtu.

Siku yenyewe anzieni muzium wakati watu bado wako na nguvu ya kutembea, mwende maktaba mkae mkule kitu, ndio mtoe karatasi. Waambieni mapema wabebe picha za nyumbani. Msichukue picha ya mtu mkabaki nayo! Mpige skani ama simu nzuri kwa mwanga wa dirisha, mwenye nayo arudi nayo siku hiyo hiyo, na muandike ni nani, wapi, mwaka gani, na kama amekubali ionyeshwe kwa wengine. Sheria ya kulinda data ni ya 2019 na ni ya kufuatwa, lakini hata bila sheria hiyo ni heshima.

Wenzetu wa Nakuru mnaweza fanya hii kwa ziwa lenu ambalo lilimeza geti la zamani la mbuga, na mko na Hyrax Hill, kilima penye Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alichimba 1937. Kitale wako na muzium iliyotokana na mkusanyiko wa mzungu mmoja, Stoneham, wa 1926.

Mkimaliza, kila kitu kiingie kwa faili tatu zinazofanana, moja kila nyumba, ndio ofisa mmoja akihamishwa kazi isipotee naye. Na kabla watu hawajatoka wachague swali la mwezi ujao hapo hapo, mwandike tarehe, na mtu mmoja apewe kazi ya kwenda kuagiza faili wiki hiyo hiyo, juu faili ikiwa Nairobi inaeza chukua muda.