Mashine ya boti haikojoi maji? Pitia haya kabla hujakimbilia kununua impela

Wakuu, hii ni kwa wenye mashine za boti za Yamaha za zamani za kuchanganya oili na petroli, zile za nguvu farasi 15 na Enduro 40 ambazo ndo zimejaa huku pwani kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Inaniuma sana kuona mashine nzuri inanoki (inakwama kwa joto), mtu anakosa mkate wake, kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kipande cha mshipi wa kuvulia samaki.

Kwanza jua maji yanapita wapi. Yanaingia kwenye vichujio vya pembeni ya gia boksi, yanavutwa na pampu iliyokaa juu yake (ndani kuna impela ya mpira inayozungushwa na shafti), yanapanda na bomba jembamba mpaka kwenye bloku na silinda hedi, halafu mengi yanashukia njia ya moshi na kidogo tu ndo yanarukia kwenye kale katundu ka nyuma. Kwa hiyo ule mkojo ni sehemu ndogo ya maji yote. Unaweza kukosekana na mashine haina shida, na unaweza kuuona unaruka vizuri huku hedi inaungua kwa sababu thamostati (kile kifungio kinachofunguka maji yakipata joto) imeganda. Ndo maana nasema usiangalie mkojo peke yake.

Ukiona umekata, zima hapohapo. Ukiwa baharini tupa nanga, nyanyua mashine, iache ipoe yenyewe, usimwagie maji ya baridi bloku ikiwa ya moto. Na usijaribu kuiwasha nchi kavu eti usikilize kidogo, impela inategemea maji kulainika, ikisugua kavu inaungua haraka sana.

Anza na katundu. Chukua mshipi mnene mgumu, upenyeze ndani uzungushezungushe, chumvi na mchanga vitatoka. Mashine iliyokaa bandani muda mrefu nyigu wanajengea udongo humohumo. Kisha fungua kava, chomoa ule mpira mdogo unaoleta maji kwenye tundu, washa mashine ikiwa ndani ya maji, kama maji yanatoka kwa nguvu kwenye mpira basi umeshapona, kilichoziba ni pale mwisho tu. Baada ya hapo kagua vichujio vya chini, hasa kama ulipita kwenye mchanga maji yamekupwa: mwani, mfuko wa nailoni, mchanga ulioshikana. Wenzetu wa Ziwa Victoria waangalie gugumaji.

Bado? Tumbukiza kwenye pipa, maji yavuke ile sehemu ya pampu, toa propela kabisa kwa usalama, gia nyutro, iache ingurume taratibu dakika chache. Gusa silinda hedi kwa nje, mbali na waya za plagi na gurudumu la juu. Ikiwa ya moto lakini mkono unavumilia, sawa. Ukidondosha tone la maji likachemka, zima.

Kama mkojo upo ila hedi inachoma, fungua thamostati. Bolti zake kwenye mashine ya maji chumvi zinashikana na aluminiamu, usizilazimishe, zitakatikia ndani na hapo umejiongezea kazi ya siku nzima. Paka oili ya kulegeza kutu, ziache zilale usiku, gongagonga kichwa taratibu kisha ndo uweke spana. Thamostati ichemshe kwenye sufuria, za Yamaha hizi zinafunguka joto likifika karibu nyuzi 50, kwa hiyo ikifika maji yanachemka na bado imefunga, tupa. Kuna mafundi wanaitoa moja kwa moja na kuiacha bila, mimi sikubaliani nao, kwa kurudi nyumbani sawa lakini mashine ikizidi kupoa plagi zinachafuka na mafuta yanaliwa bure.

Sasa pampu. Chomoa kwanza waya za plagi. Fungua chuma cha gia na bolti za gia boksi, shusha sehemu ya chini taratibu. Kabla hujagusa impela fanya hivi: chukua mpira wa bomba la nyumbani, sukuma maji kwenye lile bomba jembamba la kupanda juu. Yakitoka vizuri kwenye tundu na njia ya moshi, juu kuko safi, ugonjwa uko kwenye pampu. Yakigoma, kumeziba juu na impela mpya haitakusaidia kitu.

Impela itazame kwa karibu: mapezi yakibaki yamelala upande mmoja hata ukiitoa, yakiwa na nyufa pale shinani, au ncha zimelika na kung'aa, badilisha. Pezi likikosekana lisake mpaka ulipate, maana kile kipande kimepanda kwenye bomba na kitakwenda kuziba mbele. Pitisha kidole kwenye kikombe cha chuma na kwenye bati la chini, ukihisi mifereji badilisha navyo. Nunua spea orijino, feki mpira wake unakauka haraka. Wakati wa kufunga usisahau ile kii ndogo kwenye shafti (kile kichuma kinachoshikilia impela izunguke nayo), paka sabuni ya maji, zungusha shafti kufuata mshale wa saa huku unabonyeza kikombe chini ili mapezi yalale upande wake.

Kurudisha gia boksi fanyeni wawili, mmoja ananyanyua mwingine anamulika na tochi ahakikishe bomba limeingia kwenye mpira wake juu ya pampu. Hapa ndo wengi wanafeli, impela mpya kabisa halafu maji hayapandi kwa sababu bomba limekaa pembeni. Bolti zote paka grisi. Rudisha kwenye pipa, subiri mkojo, gusa hedi tena, ndo urudishe propela, na kuanzia hapo kila ukitoka baharini ipige maji yasiyo na chumvi dakika kumi kabla chumvi haijakaukia ndani.