Kusafisha vyuma vya injini ya rotari ya RX-8, usikimbilie msasa

Kama umeshashusha injini ya RX-8, lile gari la Mazda, na umeifungua mpaka rota, yaani zile pembetatu zinazozunguka badala ya pistoni, ziko mezani basi sasa ndo kazi inaanza. Wengi wanafikiri ni kununua sili mpya, vile vipande vya kuziba gesi isivuje, na kufunga tu, hapana, hii injini, jina lake 13B, ina rota mbili na kila rota ina sili 3 za ncha, 6 za kona na 6 za pembeni, zote zinakaa kwenye mifereji myembamba sana na lazima zicheze humo ndani. Mfereji ukijaa kaboni sili inaganda, kompresheni inashuka, gari linaanza kugoma kuwaka likiwa la moto. Sili mpya kwenye mfereji mchafu ni hela umetupa.

Na RX-8 imezidi kwa hili. RX-7 za zamani, gari la Mazda lililoitangulia, moshi ulikuwa unatokea kwenye hauzingi yenyewe, yaani ganda linaloizunguka rota, kwenye RX-8 Mazda walihamishia matundu ya ekzosi kwenye pleti za pembeni zinazofunika rota kila upande, kwa hiyo sili za pembeni zinapita juu ya moshi wa moto kila mzunguko. Walizichonga hadi umbo la kabari ili zisigande, lakini mimi nimefungua nikakuta zimeshikwa kama wali ulioungulia kwenye sufuria.

Kabla hujalowesha chochote, chukua kipande cha boksi uchore pembetatu ya kila rota pande zote mbili, halafu kila sili unayotoa ibandike kwa selotepu pale pale ilipotoka, ya mbele isichanganyike na ya nyuma. Sili za kona na springi zake weka kwenye trei ya mayai. Hata kama unanunua mpya usitupe za zamani, utazihitaji muda si mrefu.

Sasa jua unasafisha chuma gani maana hapa ndo injini nyingi zinaharibiwa. Hauzingi ni alumini, ndani ina bati la chuma lililopakwa kromu na sili za ncha za rota zinateleza juu ya hiyo kromu. Rota zenyewe na pleti za pembeni ni chuma cha kusubu. Kostiki soda inakula alumini, na dawa nyingi za kusafishia oveni zina hiyo hiyo kostiki. Niliwahi kupeleka hauzingi mbili sehemu wanakoosha vyuma kwa tanki la moto, nikawaambia hii ni alumini jamani, nilivyorudi jioni zilikuwa nyeusi, zina vidoadoa kama ndui na sehemu za kukaa sili ya maji, ule mpira unaozuia maji ya kupoza injini, zimelika, hauzingi zimekufa na hakuna wa kunilipa. Mpaka leo inaniuma. Asidi ya choo nayo usiisogeze, inakula kromu.

Mimi natumia dizeli, brekikilina (ile dawa ya kupuliza ya kusafishia breki), brashi ya shaba, mswaki, vijiti vya mianzi na upepo wa kompresa. Petroli achana nayo, mvuke wake unatambaa chini na kwenye gereji daima kuna mtu anachomelea.

Rota toa ringi za oili kwanza, halafu iloweke kwenye dizeli usiku kucha. Asubuhi kaboni ya lile bonde la usoni itakuwa imelainika, isugue kwa brashi ya shaba na kijiti, na si lazima ing'ae, ukiona chuma kimebaki na weusi kidogo inatosha. Nguvu zako peleka kwenye mifereji. Chukua ile sili ya ncha ya zamani, ivunje, ile sehemu iliyovunjika inyooshe kwa tupa iwe na kona kali, hiyo ndo skrepa yako, ina unene wa milimita 2 sawasawa na mfereji. Ivute taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, utaona kaboni inatoka kama unga mweusi na baadaye vipande vidogo vya kung'aa kama makaa, futa, puliza, rudia. Unakwangua chini ya mfereji tu, usizikandamize kuta, kwa sababu mfereji ukitanuka sili inagonga gonga na gesi inapita na hapo rota ndo basi tena. Mfereji wa pembeni fanya hivyo hivyo kwa kipande cha sili ya pembeni. Kwenye mashimo ya kona zungusha brashi ndogo kwa mkono, usiifunge kwenye drili.

Kuna watu wanapeleka rota ikapigwe shanga ndogo za kioo kwa upepo wa kasi ili iwe nyeupe. Rota hii inapoozwa na oili, ndani ina uwazi na mbavu nyingi, zile shanga zinajificha humo halafu injini ikiwaka zinatoka na oili moja kwa moja kwenye beringi. Nasema usifanye. Diski za msasa za kwenye grainda ni hivyo hivyo, zinamwaga mchanga ambao huuoni.

Hauzingi pangusa kromu kwa brekikilina na kitambaa kisichotoa nyuzi, kaboni iliyokazana ondoa kwa skrepa ya plastiki. Pitisha ukucha kwenye kingo za kromu, ukikwama hapo inabanduka. Angalia pia nyufa kwenye matundu ya plagi.

Pleti shida yake ni ile mifereji ya sili za maji. Mpira wa zamani unabaki umeshikana na kutu, utoe kwa kijiti cha mwanzi, bisibisi inaacha mkwaruzo na maji yatapita hapo hapo, utaona moshi mweupe asubuhi na maji ya rejeta yanapungua. Kutu ikiwa imeshachimba mashimo kwenye mfereji kusafisha hakutasaidia, tafuta pleti nyingine.

Shafti puliza matundu yote ya oili pamoja na zile jeti mbili, vitundu vya kurusha oili, zinazopoza rota.

Mwisho osha kila kitu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kipande kimoja kimoja, na ukishasuuza puliza hapo hapo upake oili, maana chuma cha kusubu ukigeuka kuongea na simu unakuta kimeshakuwa rangi ya chungwa.

Sasa jaribu. Weka springi na sili kwenye mfereji wake, bonyeza kwa kidole uachie, inatakiwa irudi yenyewe bila kusitasita. Sogeza kidole urefu wote wa sili. Ikinata hata sehemu moja, itoe ukwangue tena. Zikirudi zote 30, funga rota kwenye nailoni mpaka siku ya kufunga injini.