Namna ya kuwasoma Perry Mason na Della Street: ni wapenzi, au ni kazi tu?

Kila ninayemshawishi atazame Perry Mason huniuliza swali lilelile kabla hata kesi ya kwanza haijafika mahakamani: huyu wakili na sekretari wake wana kitu? Mimi ni katibu muhtasi kwenye ofisi ya mawakili, na tamthilia hii naipenda kuliko zote za mahakamani, kwa hiyo sipendi kulijibu harakaharaka. Jibu lipo, ila watu hulitafuta pasipo. Ukikaa kusubiri busu, utamaliza vipindi vyote 271, kuanzia mwaka 1957 hadi 1966, na utatoka mikono mitupu. Tazama wanavyofanya kazi.

Anza na msimu wa kwanza. Vipindi vingi vya msimu huo vimetokana na riwaya za Erle Stanley Gardner, ambaye mwenyewe alikuwa wakili huko California, na Raymond Burr (Perry) na Barbara Hale (Della) wanacheza kama watu waliozoeana tangu zamani. Kipindi cha kwanza kitazame kawaida tu, ufuatilie nani kaua. Cha pili kirudie mara mbili. Safari ya pili muuaji ushamjua, macho yako yanabaki huru.

Sikiliza kwanza wanavyoitana. Mbele ya mteja, Della husema “Bwana Mason”. Mteja akishatoka na mlango ukafungwa, ni “Perry”. Mpelelezi wao, Paul Drake, yeye humwita Della “Mrembo” mchana kweupe, na hakuna anayeshtuka. Hapo pana somo: anayetania waziwazi si wa kumtilia shaka. Wa kumwangalia ni yule anayepima maneno yake.

Kisha angalia milango. Drake huingilia mlango wa nyuma wa ofisi ya Perry, na ana namna yake ya kugonga ili ajulikane ni yeye. Della hana haja ya kugonga. Wasiofanya kazi za ofisi hawalioni jambo hili, lakini mimi naliona kubwa kuliko chakula cha usiku chochote. Kwenye ofisi ya wakili, siri ya mteja inamfunga karani kama inavyomfunga wakili mwenyewe, na bado mabosi wengi huchagua lipi karani alijue na lipi lipite juu ya kichwa chake. Perry hachagui. Hata anapoivuta sheria hadi ukingoni, Della anajua, na mara nyingine ni yeye anayetumwa kumweka shahidi mahali pa salama. Akikamatwa bosi, naye yumo. Mtu habebi hatari ya namna hiyo kwa ajili ya mshahara peke yake.

Kuhusu mikahawa, utawaona mara nyingi wakila pamoja, na simu au Drake akawakatiza. Usiihesabu sana hiyo. Kazi ikiisha usiku, unakula na uliokuwa nao kazini.

Ukishatazama vipindi kadhaa, shika riwaya. Ya kwanza ilitoka mwaka 1933, na vitabuni Gardner anasema mambo ambayo televisheni iliyafunika: Perry anamchumbia Della, tena zaidi ya mara moja, na Della anakataa. Soma sababu yake polepole. Anampenda, na hafichi. Lakini anajua akiolewa atawekwa nyumbani, Perry ataajiri sekretari mwingine, na zile kesi, zile simu za usiku wa manane, zote zitakuwa za huyo mwingine. Katika Marekani ya miaka ile, mke wa wakili mkubwa hakutarajiwa kurudi mezani kuchapa barua. Wasomaji wengi humwona Della kama mwanamke aliyesubiri. Mimi namwona aliyepewa vitu viwili, akaambiwa achague kimoja, naye akachagua akijua anachokiacha. Ukilielewa hilo, rudi kwenye televisheni: ule ukimya kati yao utauona ni makubaliano ya watu wawili.

Utakutana pia na habari kwamba Gardner mwenyewe alimwoa sekretari wake wa miaka mingi, Agnes Jean Bethell, mwaka 1968, baada ya mke wake wa kwanza kufariki. Ni kweli, na wengi humtaja Bethell kuwa ndiye mfano wa Della. Ila usiitumie ndoa hiyo kama ufunguo wa hadithi. Gardner alioa, Perry hakuoa.

Mwisho kabisa tazama filamu ya mwaka 1985 iliyowarudisha Burr na Hale. Della anashtakiwa kwa mauaji. Perry sasa ni jaji wa mahakama ya rufaa, na anajiuzulu ujaji ili akamtetee. Hakuna hotuba ya mapenzi pale, na haihitajiki. Burr aliendelea kumwigiza Perry kwenye filamu hizo hadi alipofariki mwaka 1993, na ndoa haikufungwa. Tahadhari moja tu: humo utamwona kijana Paul Drake mdogo, mtoto wa yule mpelelezi, na Della anamtazama kwa upole wa pekee. Huyo ni William Katt, mtoto wa kumzaa wa Barbara Hale, kwa hiyo upole huo usiuingize kwenye uchunguzi wako.