Kulinda namba za vitu kwenye OpenStreetMap

Namba unayoiona kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuihariri, ni ya rekodi, si ya shule iliyopo mtaani. Ukiifuta rekodi ya shule na kuichora upya, hata kama mchoro wako ni mzuri zaidi, namba inakuwa nyingine na kila mfumo ulioshika ile ya zamani unapotea. Rekebisha kilichopo, usifute.

Jengo likiwa limekaa vibaya, katika JOSM (programu ya kuhariri ramani hiyo) chora umbo jipya pembeni, chagua la zamani na jipya kwa pamoja, kisha bonyeza Ctrl+Shift+G. Amri hii inatoka kwenye programu-jalizi ya utilsplugin2: umbo linabadilika, namba na historia vinabaki.

Pagumu ni pale nodi (nukta moja kwenye ramani) inapogeuzwa kuwa jengo, ambalo huchorwa kama njia, yaani mstari unaounganisha nodi. Nodi na njia zina mifululizo miwili tofauti ya namba. Nodi 100 na njia 100 hazijuani kabisa. Amri ileile huhamishia lebo (maelezo ya kitu, kama jina lake) kwenye njia, na nodi ya zamani inaweza kugeuzwa kona ya jengo. Hapo mfumo wako hauoni hitilafu yoyote: namba inajibu, ila inaleta nukta tupu isiyo na jina. Kwa hiyo kagua lebo pia, usiridhike kwamba namba ipo.

Ukikata barabara, kwa mfano kuweka daraja, kipande kimoja hubaki na namba ya zamani na vingine hupata mpya. Iachie kile kirefu.

Kwa upande wa hifadhidata yako, tunza aina (nodi, njia au uhusiano, yaani kundi la vitu), namba, toleo (hesabu ya mara rekodi ilivyohaririwa), jina na majiranukta. Kama kitu kina lebo ya ref (namba ya utambulisho wake nje ya ramani) au wikidata (namba yake kwenye hifadhidata ya Wikidata), chukua hiyo pia. Lebo hizo huvumilia mabadiliko kuliko namba ya OpenStreetMap. Toleo nalo lisikudanganye: kusogeza kona za jengo hupandisha toleo la nodi hizo, la njia halisogei.

API (njia ambayo mfumo wako huulizia data ya OpenStreetMap) ikijibu 410, kitu kimefutwa. Tafuta chenye jina na lebo zilezile karibu na majiranukta uliyotunza. Ikijibu 404, namba hiyo haijawahi kuwepo kwa aina hiyo, na mara nyingi umeuliza njia badala ya nodi. Kilichofutwa kimakosa kirudishe kwa programu-jalizi ya undelete: kitarudi na namba yake, toleo likiwa limepanda.